Usinipigie Windo

Kaa nusu saa kwenye banda lolote la fundi kompyuta hapa Kahama, utaisikia tu: "Hii ni ya kupiga windo." Laptopu imekuwa nzito, piga windo. Imeingia kirusi, piga windo. Sauti haitoki, piga windo. Nimeshuhudia kijana akileta mashine iliyomwagikiwa soda kwenye kibodi, herufi tano hazibonyezeki, na dawa aliyoandikiwa ikawa ileile. Akalipa elfu kumi na tano, akaondoka na Windows mpya kabisa na herufi tano zilezile zisizobonyezeka.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi hilo: kupiga windo ni kufuta mfumo endeshi ulio kwenye kompyuta na kuweka mwingine upya, mara nyingi Windows ambayo hakuna aliyeinunua, kutoka kwenye flashi ambayo fundi haiachi nyumbani. Kazi inachukua kama saa moja, na sehemu kubwa ya saa hiyo fundi anakunywa chai. Mashine ikiwaka inaonyesha picha mpya ya mandhari, kila kitu kinang'aa, mteja anatabasamu, hela inatoka.

Mimi ninaandika programu. Wateja wangu ni wenye mashine za kukoboa mpunga, maduka ya vifaa vya wachimbaji wadogo, duka la dawa moja, SACCOS moja. Sitengenezi kompyuta, lakini programu zangu zinaishi ndani ya kompyuta za watu na zinakufa nazo, kwa hiyo suala hili linanihusu kama mvua inavyomhusu mkulima. Na ninasema hivi: kupiga windo si ufundi. Ni namna ya kukwepa kuuliza swali. Mafundi wanaitoa kama panado, sisi wasomi tunaidai, na kila inapotolewa kuna kitu cha mtu kinapotea ambacho hakuna aliyekihesabu.

Nikiri kwanza kwamba mara nyingi inafanya kazi. Ubaya uko hapohapo. Mashine yenye programu kumi na tano zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi, ukiifuta yote, lazima itakimbia. Hata ng'ombe mwenye kupe ukimchinja, kupe hawatamsumbua tena. Lakini sijawahi kumsikia mfugaji wa kwetu akikuita huko kuogesha mifugo.

Kupe wa kompyuta wanajulikana na wana majina. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta orodha ya vitu vinavyojiwasha mashine inapoanza, uzime usivyovihitaji. Dakika tatu. Au jambo ambalo hata wenzangu wenye digrii hawalijui: tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, ukiizima kompyuta kwa njia ya kawaida, mara nyingi haizimi yote. Kiini cha mfumo kinaandikwa kwenye diski jinsi kilivyo ili kesho mashine iwake haraka, na hitilafu iliyoingia jana inalala nacho na kuamka nacho. Mtu anakwambia, "Nimeizima na kuiwasha mara kumi, bado." Hajaizima hata mara moja. Angechagua kuwasha upya badala ya kuzima, huenda angebaki na elfu kumi na tano yake.

Halafu kuna vumbi. Sisi ni watu wa vumbi: la barabara, la karasha, na kwa wateja wangu la pumba. Kompyuta iliyokaa miezi minane ofisini kwenye mashine ya mpunga, ukiifungua unakuta feni imevaa blanketi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Imetengenezwa hivyo, ni akili nzuri. Mwenye mashine anaona uzito tu. Ukimpigia windo, unaweka Windows mpya juu ya prosesa ileile iliyofunikwa blanketi lilelile. Inakwenda vizuri asubuhi, feni ikiwa bado na baridi. Saa nane mchana anarudi.

Na mbaya kuliko yote ni diski inayokufa. Diski za zamani, zile zinazozunguka, huanza kupoteza sehemu ndogondogo. Mashine inajaribu kusoma sehemu iliyokufa mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, na wewe unaona kasi imeisha. Diski yenyewe inaweka kumbukumbu ya afya yake, na kuna programu ya bure, CrystalDiskInfo, inayokusomea kumbukumbu hiyo kwa dakika moja. Ikiandika rangi nyekundu, kazi ya fundi ni moja: kuhamisha vitu vya mtu haraka kabla diski haijanyamaza. Kufomati diski ya namna hiyo na kuibebesha Windows upya ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo uwanjani ili uone kama amepona.

Ninajua haya kwa sababu na mimi nilikuwa mpiga windo, tena hodari.

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa na flashi yangu na jina langu kwenye bweni. Dada mmoja tuliyesoma naye, aliyenitangulia mwaka, aliniletea laptopu iliyoganda. Nilimuuliza swali ambalo mafundi wote huuliza, kwa haraka ileile: "Una vitu vya muhimu humu?" Akajibu, "Hapana, vyote viko kwenye Word." Nikasikia "hapana", nikaendelea.

Alichomaanisha nilikielewa jioni, aliponipigia simu kuniuliza mbona Word imekuja tupu. Kwake Word ilikuwa sanduku. Mafaili yalikuwa yanakaa ndani ya Word, kama nguo ndani ya begi, na kwa kuwa nilimwahidi Word nitamrudishia, aliona hakuna kinachopotea. Hakuwa mjinga, alikuwa na alama za juu kuliko zangu. Hakuna mtu, tangu darasa la kwanza la kompyuta mpaka chuo, aliyewahi kumwambia kwamba faili ni kitu kinachokaa mahali, na kwamba mahali hapo pana anwani. Tulifundishwa kubonyeza. Bonyeza hapa, ifunguke pale. Tukafanya mtihani wa kutaja sehemu za kompyuta, tukafaulu.

Mafaili yake, ripoti ya utafiti pamoja na majibu ya madodoso aliyozunguka nayo vijijini, yalikuwa kwenye desktopu. Desktopu iko kwenye C, na C ndiyo niliyoifomati. Bado palikuwa na nafasi. Kufomati kwa haraka kunafanana na kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: sura zenyewe bado zipo, na programu kama PhotoRec zinaweza kuzipapasa na kuzitoa. Ila mimi sikuishia kuchana yaliyomo. Nilikuwa nimeshaandika kitabu kingine juu ya kurasa zilezile: Windows nzima, Office, na filamu mbili nilizomtilia kama zawadi. (Kwenye SSD hata nafasi hiyo hauna. Ukifuta, Windows huiambia diski isafishe sehemu hizo, na baada ya muda mfupi hakuna cha kupapasa.) Alirudia kukusanya data. Tunasalimiana mpaka leo, lakini hajawahi kuniletea tena kitu chenye waya.

Kwa hiyo usiulize "una vitu vya muhimu?" Muulize mtu jana aliandika nini, akuonyeshe alikoifungua. Na kama mashine haiwaki kabisa, usiiguse diski. Weka Linux kwenye flashi, iwashe mashine kutokea kwenye flashi hiyo, mafolda ya mtu yatafunguka mbele yako bila wewe kuandika chochote juu yake. Nakili kila kitu nje. Kisha fanya unalotaka. Kila fundi anayebeba flashi ya Windows anaweza kubeba na hii. Haigharimu kitu zaidi ya bando la kuipakua mara moja. Ni aibu kwamba wengi hawana.

Sasa nifike kwa mzee wa mpunga.

Juni 2022, mavuno yamepamba moto, malori yanapakia mchele usiku na mchana. Mzee mmoja mwenye mashine ya kukoboa alikuwa anatumia programu niliyomwandikia: mkulima analeta mpunga, unapimwa, unahifadhiwa ghalani kwake, anachukua mkopo mdogo akisubiri bei ipande, analipa mchele ukiuzwa. Misimu mitatu ya kumbukumbu. Nani ana magunia mangapi, nani anadaiwa. Kompyuta ikawa nzito. Mpwa wake akaibeba kwenye bodaboda kwenda kwa fundi. Fundi huyu, nimsifu, alihamisha mafaili kwanza, akapiga windo, akayarudisha. Mashine ikarudi inaruka.

Wiki mbili baadaye mzee ananipigia. "Mwanangu, majina ya vitu vyangu yameota mkia." Nikaenda. Kila faili lilikuwa na herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina, na kila folda ilikuwa na barua moja fupi ya Kiingereza iitwayo _readme.txt. Mafaili yako tumeyafunga. Kuyafungua ni dola 980. Ukiwasiliana nasi ndani ya saa 72 tunakupunguzia nusu, dola 490. Hata wezi wana ofa. Nilimtafsiria. Akaniuliza ni shilingi ngapi, nikamwambia zaidi ya milioni mbili, au zaidi ya milioni moja kama tutawahi. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani bado unatania.

Ukoo huo wa virusi unaitwa STOP, au Djvu, na umeanza kusumbua watu tangu 2018. Haukuja kwa hila kubwa. Njia yake kuu ni programu za wizi, na hasa zile aktiveta: vijiprogramu vya kuidanganya Windows kwamba imelipiwa. Ulishawahi kusoma maelekezo yanayokuja na aktiveta? Hatua ya kwanza: zima antivairasi. Mwizi anakuomba ufunge mbwa kwanza, na wewe unafunga, kisha unamshikia ngazi. Kampuni ya Emsisoft ilitoa mwaka 2019 kifaa cha bure cha kufungua mafaili ya aina nyingi za kirusi hiki. Nilikijaribu usiku ule. Kinaweza kusaidia kama kirusi kilitumia ufunguo kilichokuja nao tumboni. Kama kilifanikiwa kuwasiliana na seva ya wenyewe na kuchukua ufunguo wa mashine yako peke yako, huna lako. Mtandao wa mzee ulikuwa mzuri siku ile.

Mtaniuliza bakapu. Programu yangu ilikuwa inatengeneza bakapu kila siku saa kumi na mbili jioni, bila kukosa, na kuiweka kwenye diski ileile. Nililiandika hilo mimi mwenyewe, nikalijaribu, nikajipongeza. Bakapu zote zilikuwa zimeota mkia. Kwa hiyo ninapomsema fundi, nisemeni na mimi. Bakapu inayokaa chumba kimoja na kitu chenyewe ni nakala tu, na nakala inaungua pamoja na nyumba. Siku hizi programu zangu zinakataa kufunga hesabu za siku kama diski ya nje haijachomekwa, na ikishaandika zinamlazimisha mwenye mashine aichomoe. Wateja wanalalamika. Waache walalamike.

Tulikaa wiki tatu na kaunta buku, risiti za mizani na kumbukumbu za kichwani mwa karani. Mpunga uliokuwa ghalani ulihesabika, kwa kuwa gunia huonekana. Madeni hayaonekani. Wakulima kadhaa walikuja wenyewe, mmoja kwa baiskeli kutoka mbali, kusema ninadaiwa kiasi fulani, andika. Wengine hawakuja. Mzee hakupiga kelele wala hakwenda polisi. Alirudi kwenye kaunta buku na yuko huko mpaka leo, na akiniona sokoni ananiuliza habari za wazazi, si za kompyuta.

Kuna watakaosema: leseni ni ghali, na sisi ni maskini, wizi huu ni wa haki. Siwahubirii dhambi. Sijawahi kuona tajiri wa Marekani analia kwa sababu ya banda la Nyasubi. Hoja yangu ni kwamba hiyo Windows siyo ya bure. Inalipwa na mzee wa mpunga. Inalipwa na masasisho yanayozimwa, kwa kuwa fundi wa aktiveta huzima apdeti ili ujanja wake usigundulike, na mwenye mashine hufurahi kwa kuwa bando lake haliliwi. Kumbukeni WannaCry, Mei 2017, kirusi kilichozunguka nchi zaidi ya 150 na kufunga kompyuta za hospitali Uingereza. Kiraka cha kuziba tundu kilichopitia kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Waliofungwa ni waliokuwa hawajakiweka. Kama shida ni bando, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Itapunguza ulafi na kukuachia masasisho ya muhimu. Si lazima umfukuze daktari kwa sababu anakunywa chai nyingi.

Na sasa limekuja la Oktoba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, iliyotoka 2015. Watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha waliahidiwa mwaka mmoja wa ziada wa viraka vya usalama, hadi Oktoba 2026. Windows 11 inataka kijisahani cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Kwa upande wa Intel, mstari umechorwa kwenye kizazi cha nane, kilichoanza 2017. Chukua mstari huo upite nao kwenye steshenari za Kahama, kwenye ofisi za shule, kwa mawakala. Kilichojaa ni Dell, HP na ThinkPad za mtumba zilizotokea Ulaya na Dubai kupitia Kariakoo, nyingi bado zina vibandiko vya shule na ofisi zilikotoka. Kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Mimi mwenyewe ninaandika haya kwenye ThinkPad T440, kizazi cha nne. Kwa karatasi hiyo, wote tumekufa.

Jibu la mitaani limeshapatikana, mnalijua: kuna flashi mpya ya kupiga Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine isiyoruhusiwa, pamoja na aktiveta yake. Tunatoka kwenye shimo, tunachimba pembeni yake.

Watu wa ukanda huu tulipaswa kuwa wa kwanza kucheka. Nani asiyejua magwangala? Mgodi mkubwa unatupa mawe, unasema hayana faida, na vijana wa Geita wanayagombania kwa sababu wanajua dhahabu bado imo. Nani asiyejua marudio? Mchanga uliokwishaoshwa na kukamatwa kwa zebaki haumwagwi, unauzwa kwa mwenye matenki, naye anatoa humo dhahabu nyingine. Neno "takataka" hapa linatamkwa na mwenye haraka. Asiye na haraka anapima kwanza. ThinkPad ya 2014 yenye RAM ya GB 4 au 8 ni marudio. Toa diski ya kuzunguka, weka SSD ndogo, weka Linux Mint ile ya Xfce, iliyo nyepesi, uone kama imekufa.

"Linux ni ngumu, watu hawaijui." Hii nimeisikia kwa watu walioshika simu ya Android mkononi wakati wanaisema. Kiini cha simu hiyo ni Linux, ileile iliyoanzishwa na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991. Kompyuta zote 500 kwenye orodha ya zenye nguvu kuliko zote duniani zinaitumia tangu 2017. Na si kitu cha Wazungu peke yao. Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na neno lenyewe ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Mpaka 2011 walikuwa wanakutumia CD kwa posta, bure, popote ulipo. Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na kampuni ya Uswidi, IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandika na kupiga hesabu, kwa Kiswahili, bila malipo. Baadaye Microsoft nayo ikatoa kifurushi chake cha Kiswahili. Ninawauliza vijana wa mafunzo kwa vitendo kama wamewahi kuisikia Jambo OpenOffice. Wananitazama kama nimetaja jina la chifu wa zamani. Tulikuwa na mlango, tumeuacha ukaota nyasi, na tumesimama nje tunauziwa funguo bandia za mlango wa jirani.

Nisiwadanganye kwamba Linux haina miiba. Nilimhamishia dada mmoja wa steshenari mashine mbili, na printa moja ya leza ikagoma siku nne. Nikashindwa, nikamrudishia Windows kwenye mashine ya kuchapia. Anayehariri video za harusi ana programu zake, mhasibu ana zake, wabaki walipo na walipie. Barua iliyopambwa sana kwenye Word ikifunguliwa kwenye LibreOffice inaweza kuyumba jedwali. Lakini tazama kazi halisi ya steshenari: ajira, mikopo ya wanafunzi, zabuni za serikali kwenye NeST. Zote ziko ndani ya kivinjari. Kivinjari hakijali kimesimama juu ya nini. Na wale virusi vya shotikati, vinavyoficha mafaili ya flashi na kukuachia vivuli, vikifika kwenye Linux vinakaa tu kama abiria aliyeshuka kituo siyo. Dada yule ameniambia hiyo peke yake imempunguzia ugomvi na wanafunzi. (Kama uko Windows na flashi imefanyiwa hivyo, usifomati. Fungua dirisha jeusi la amri, andika attrib -h -r -s /s /d ikifuatiwa na herufi ya flashi yako, kama E:\*.*, na mafaili yatajitokeza. Kirusi chenyewe kiondoe kwa antivairasi. Hakuna cha kulia.)

Lakini nilipowapelekea hoja hizi mafundi wenyewe nilikuta kitu sikukitegemea. Mmoja, kijana wa Nyasubi aliyesomea ufundi huu miaka mitatu, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kaka, hayo yote nayajua. Feni najua. Diski najua. Nikimwambia mteja feni ina vumbi, nikaisafisha, atanilipa ngapi? Buku mbili. Atasema umepuliza tu. Nikipiga windo anaona rangi mpya, analipa kumi na tano na asante juu."

Sikuwa na jibu. Hospitali unamlipa daktari akuone hata kama atakwambia kanywe maji upumzike. Fundi wa gari anaitwa mjuzi akisikiliza injini kwa sikio tu. Kwa fundi kompyuta tumeamua kwamba kufikiri ni bure na kufuta ndiyo kazi, halafu tunashangaa wanafuta. Na wanaolipa hivyo ni sisi, wenye vyeti, tunaobishana kuhusu akili mnemba usiku kucha na hatuwezi kusema tasnifu yetu iko folda gani.

Tukakubaliana jambo dogo. Nilimchapishia karatasi, akaibandika juu ya meza yake: KUANGALIA TATIZO NI 3,000. UKITENGENEZEWA HAPA, INAKATWA KWENYE BEI. Wa kwanza aliisoma kwa sauti, akamuuliza kama na kupita mbele ya banda kunalipiwa. Wa pili akaondoka na laptopu yake kwenda banda la tatu kutoka hapo.

Wa tatu alikuwa mama mwenye duka la nguo, mashine nzito, inazima yenyewe mchana. Alilipa tatu. Kijana akaifungua mbele yake. Blanketi likatoka zima, la kijivu, kama kipande cha godoro. Akasafisha kwa brashi, akabadilisha dawa ya joto kwenye prosesa, akafunga, akawasha. Ikakaa kimya, feni haisikiki. Mafaili yote yalikuwa palepale, hata picha ya wajukuu kwenye skrini ilikuwa palepale.

"Kwa hiyo hamjapiga windo?" akauliza mama.

"Hatujapiga, mama."

"Sasa mbona mnaniambia niongeze elfu tano?"

Kijana akageuka kunitazama mimi, nijibu.